Upande wa Mama

4 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini figo zimekupa nafasi ya kupumua wiki hii, na ile miwani haikubani tena masikioni. Ikibana, usiipinde mwenyewe kama ulivyofanya ile ya kwanza. Niletee mimi. Ndiyo kazi yangu.

Nina swali, na nimelitafuna muda mrefu kabla ya kuliandika. Unajua mimba yangu ya kwanza ilitoka. Hujui kwamba na ya pili ilitoka, mwezi wa kumi na moja, nikiwa dukani, nimesimama kwenye mashine ya kusaga lenzi. Nilimaliza lenzi ya mteja kwanza. Usiniulize kwa nini.

Daktari alitaka kujua kama kuna mtu katika ukoo aliyezaliwa na tatizo. Nikamwambia nina mdogo wangu, tunamwita Chifu, ana hali ya Down. Akauliza, limetoka upande gani? Nikajibu kama tunavyojibu siku zote nyumbani: upande wa mama.

Nilipomsimulia mama, aliaga akaenda kwake. Kesho yake akapiga simu. "Nisamehe, mwanangu, nimekurithisha tumbo langu." Tangu siku hiyo hanigusi. Akija anasalimia mlangoni, anakwenda kukaa kiti cha dirishani. Mama, ambaye mpaka naolewa alikuwa akinisuka nywele kwa mkono wake! Juzi nilimpa chai, akasubiri niiweke mezani ndipo aichukue, vidole vyetu visikutane.

Wewe ndiye uliyempima Chifu alipozaliwa, ukampima baba, ukampima mama. Hakuna mwingine anayejua. Nijibu tu: ni kweli limetoka kwa mama?

Chifu anakusalimia. Jana alimwamuru mume wangu avue viatu, akavipanga vizuri, akavitazama, kisha akamwamuru avivae tena. Bado hakuna aliyejua kosa lilikuwa nini.

Mwanao,
Fundi Miwani

*

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana kwa yaliyokufika, hasa hilo la pili ulilolibeba kimya. Miwani ni nzuri. Naandika nikiwa nimeivaa.

Kuhusu swali lako, inafaa uelewe kwanza mambo yanavyokwenda. Ndani ya kila seli ya mwili kuna kromosomu arobaini na sita, kwa jozi: moja ya kila jozi umepewa na baba, nyingine na mama. Seli inapotaka kugawanyika, kromosomu hujikunja, zikawa fupi na nene, zikajipanga katikati kama watu wanaosubiri kuitwa. Nyuzi nyembamba kutoka pande mbili za seli huzishika na kuzivuta. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, jozi hukutana kwanza, halafu huachana, moja upande huu, nyingine upande ule, ili mtoto apate nusu kwa kila mzazi.

Mara chache jozi hukataa kuachana, zote mbili zikaenda upande mmoja. Ikiwa ni jozi ya ishirini na moja, mtoto huzaliwa na tatu badala ya mbili. Hiyo ndiyo Down. Mara nyingi jambo hili hutokea katika yai la mama, hasa umri ukisogea, na wala si kosa la mtu. Mwambie mama yako hivyo. Si kosa la mtu.

Wewe upimwe damu, na mumeo pia. Daktari mzuri atawaongoza. Kula vizuri, pumzika, punguza kusimama.

Huku kwangu joto ni kali, na jirani amenunua jogoo asiyejua saa.

Baba yako mkubwa

*

20 Februari

Baba Mkubwa,

Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana. Umenipa somo na jogoo.

Nilisoma barua yako mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Nikakwama kwenye maneno yale: "Mara nyingi jambo hili hutokea katika yai la mama." Maneno hayo nimewahi kuyasikia kwa sauti yako, na sasa nakumbuka wapi.

Nilikuwa mdogo, nimejificha nyuma ya kochi la kijani kwa Bibi. Watu wazima walikuwa wamekaa. Mama alikuwa na Chifu kifuani, mchanga kabisa. Shangazi alikuwepo, na marehemu mkeo alikuwa anapita na sinia la chai. Bibi akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, Profesa. Tuambie, hiki kimetoka kwa nani?" Ukavua miwani. Ukaifuta kwa shati muda mrefu mpaka nikadhani imevunjika. Kisha ukasema, "Mara nyingi hutoka kwa mama." Baba akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mama akamfunika Chifu uso.

Baada ya hapo unajua. Mama alirudishwa kwao, na mimi na Chifu tukaenda naye. Baba akaoa.

Bibi hakukuuliza mara nyingi inakuwaje. Aliuliza kuhusu Chifu. Na mimi nakuuliza kuhusu Chifu. Ile ilikuwa "mara nyingi" au haikuwa?

Nina sababu ya kuharakisha. Nina mimba tena. Sijamwambia mama, kwa sababu najua atanitazama kama mtu anayetazama nyumba aliyoitia moto mwenyewe. Niambie kabla hajaiona.

Fundi Miwani

*

3 Machi

Mwanangu,

Haikuwa.

Nimeandika neno hilo peke yake kwanza ili, nikikosa nguvu ya kuendelea, angalau hilo liwe limekufikia. Halikutoka kwa mama yako. Lilitoka kwa baba yako. Nililijua kabla sijaingia katika chumba kile, na nililijua nilipofungua kinywa.

Sasa nitakueleza, na safari hii somo lina kazi.

Wakati ule hatukuwa na kompyuta za kutupangia. Tuliotesha chembe za damu kwenye chupa, tukaziacha zigawanyike, kisha tukatia dawa inayozisimamisha pale pale kromosomu zilipojipanga katikati, kabla hazijavutwa. Tulipanda juu ya stuli na kudondosha tone kutoka juu kwenye kipande cha kioo kibichi, baridi, ili seli ipasuke na kromosomu zitawanyike. Waliodondosha wakiwa wamekaa walipata lundo lisilosomeka. Halafu tulipiga picha kwa darubini, tukaisafisha kwa ukubwa, tukakata kila kromosomu kwa mkasi, tukatafuta mwenzake na kuzibandika mbili mbili kwenye karatasi ngumu. Mikasi ya ofisi ilikuwa butu. Mimi nilitumia mkasi wa kucha wa mke wangu, ule uliopinda. Aliutafuta nyumba nzima. Nikamwambia sijauona.

Nilipomaliza kukata za Chifu, nilihesabu arobaini na sita. Nikadhani nimepoteza moja sakafuni, maana uso wa mtoto ulinieleza arobaini na saba. Nikapiga magoti nikapapasa chini ya meza. Hapakuwa na kitu. Kisha nikaiona. Kromosomu moja ya kumi na nne ilikuwa na nyingine juu yake, imeshikamana nayo, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Aliyebebwa alikuwa ishirini na moja. Kwa hiyo Chifu alikuwa nazo tatu, ila ya tatu haikuonekana kwa kuhesabu.

Aina hii si ya umri wa mama, na si jozi iliyokataa kuachana kwa bahati mbaya. Mara nyingine inaanza kwa mtoto mwenyewe, lakini mara nyingine inarithiwa. Mzazi mmoja anakuwa nayo bila kujua. Ana afya, maana hajapungukiwa na chochote cha maana. Ana arobaini na tano tu kwa kuwa mbili zimeshikana. Shida inakuja anapotengeneza yai au mbegu. Pale penye watu wanne wa kuachana wawili wawili, wawili wamefungwa pamoja, na mgawanyo unakwenda kombo. Mimba nyingine hutoka. Nyingine huzaa mtoto kama Chifu. Nyingine huzaa mtoto mzima kabisa.

Nikapima damu ya mama yako. Arobaini na sita, jozi zote safi. Sikumbuki kuona karatasi nzuri kuliko ile. Nikapima ya baba yako. Arobaini na tano, na yule aliyebebwa akiwa mgongoni.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na kosa moja. Lakini baba yako ni ndugu yangu, tumbo moja. Siku iliyofuata nilijitoa damu mwenyewe. Nikapanda stuli. Nikakata kromosomu zangu kwa mkasi wa kucha wa mke wangu, mwanamke aliyekuwa amepoteza mimba zake zote, moja baada ya nyingine, na kila mara nikamwambia, "Pumzika, mwili wako utakaa sawa." Mwili wake! Arobaini na tano. Niliibandika ile ya kumi na nne na mzigo wake, nikakaa nikiitazama mpaka gundi ikakauka vidoleni.

Kisha Bibi akatuita. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, naapa, mpaka mke wangu alipoingia na sinia. Nikaona jinsi itakavyokwenda. Nikisema ni ndugu yangu, Bibi atauliza, "Na wewe je?" Na mke wangu atageuka na lile sinia mkononi, aniangalie. Nilimwogopa mtu aliyeshika vikombe. Nikafuta miwani, nikatafuta katika vitabu vyote nilivyosoma sentensi iliyo ya kweli na isiyonigusa. Nikaipata. Kila neno lake ni sahihi hata leo, na ndiyo maana nilipokujibu mwezi uliopita niliiandika tena bila kusita. Niliposoma barua yako ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe.

Sikujua watamrudisha kwao, nilijiambia hivyo. Walipomrudisha, nilikuwa na nafasi ya kusema kesho yake, na keshokutwa, na siku zote mpaka leo. Sikusema. Nilileta maziwa ya kopo na vitabu vya shule, mkaniita baba mkubwa mwenye huruma. Mke wangu amekufa akiamini tumbo lake lilikuwa bovu. Nilimshika mkono, na sikumwambia hata pale.

Sasa sikia la muhimu. Wewe unaweza kuwa umeirithi, au hukuirithi. Nusu kwa nusu. Nenda kwa daktari upesi. Mwambie hivi hivi: "Baba yangu ana kumi na nne na ishirini na moja zilizoshikana, na mdogo wangu alirithi." Waitazame, wasihesabu tu. Kama unayo, kuna kipimo cha mtoto aliye tumboni. Utakaloamua baada ya hapo ni lako na mumeo. Kumbuka kwamba baba yako alikuwa nayo na akakupata wewe.

Sikuombi kitu. Mwonyeshe mama yako barua hii.

Baba yako mkubwa

*

11 Machi

Shemeji,

Nakuita hivyo kwa kuwa sijapata neno jingine, na yaliyonijia hayaandikiki.

Mwanangu alinisomea barua yako. Nikamwomba arudie pale penye "jozi zote safi." Akarudia. Nikamwambia anipe niione mwenyewe kwa macho.

Umeandika ulivyoogopa. Mimi nitakuandikia usivyojua, maana mtu aliyesoma hapaswi kufa hajui.

Alikuja mwanamume kutaka kunioa, Chifu akiwa ameshaanza kutembea na kusema. Fundi bomba, mtu mpole, Chifu alikuwa anamwamuru afunge mifereji na anafunga. Nilimkataa. Sikumwambia sababu. Niliona haya kumpa mtu tumbo kama langu. Alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Ana watoto wanne. Nawasalimia wakipita.

La pili. Mkeo alikuwa anakuja kwangu. Hukujua, eti? Alikuambia anakwenda kwa fundi cherehani. Alikuwa anakuja kwangu, tunakaa jikoni, ananisaidia kumwogesha Chifu. Alisema sisi wawili tuliolewa nyumba moja na matumbo mabovu, tungefungua chama. Mimi niwe mwenyekiti, kwa kuwa angalau nimezaa, yeye katibu. Tulicheka mpaka Chifu akatufukuza jikoni. Akishacheka alikuwa analia, ananiambia, "Mwenzangu, mume wangu ni mvumilivu sana. Mwingine angeniacha."

Mvumilivu.

Usiniombe radhi kwa barua. Maneno yale hukuyaandika, uliyasema, ndani ya sebule, watu wamekaa. Kayaseme mengine palepale. Bibi amekufa, lakini shangazi yao yupo na baba watoto yupo. Ukishindwa kutembea, ubebwe.

Mama Chifu

*

27 Machi

Shemeji, pamoja na mwanangu,

Nimebebwa. Dereva wa teksi na jirani mwenye jogoo walinishika kwapani, mmoja kila upande, mpaka sebuleni. Kochi la kijani bado lipo. Limevikwa kitambaa kingine, lakini miguu yake naijua.

Nawaandikia kama ilivyokuwa, nisipambe.

Walikuwepo ndugu yangu, mkewe, na dada yetu. Dada alianza kwa mzaha: "Profesa umekuja kugawa urithi nini, mbona umevaa koti?" Nikasema nimekuja kurekebisha jibu nililompa mama yetu katika chumba hiki. Nikalisema lote. La mama Chifu, la ndugu yangu, langu, la mke wangu.

Dada akasema, "Dawa zimempanda kichwani. Mpeni maji."

Ndugu yangu alisema, "Kaka, mambo ya zamani hayo. Unayafukua ya nini? Sote tumezeeka."

"Mtoto wako ana mimba," nikamwambia. "Hayo si ya zamani."

"Kwa hiyo unasema mimi ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Uko kama nilivyo mimi."

"Na yule mwanamke?"

"Ana jina katika nyumba hii. Anaitwa mama watoto wako. Yeye hakuwa na kitu chochote."

Akasema ninyamaze. Nikarudia, kwa kuwa mara ya kwanza sauti yangu ilikuwa ndogo na niliogopa kwamba ndiyo ilikuwa njia yangu ya kutoroka tena. Akatoka nje. Tulimsikia uani akivuta kiti, hakukaa, akakivuta tena.

Dada yetu hakunywa maji aliyoyaagiza kwa ajili yangu, wala hakunipa. Akasema, akitazama sakafu, "Mimi ndiye niliyemfungia nguo zake. Nilikaza fundo kwa meno."

Mke wa ndugu yangu ndiye aliyenisindikiza mlangoni. Aliniuliza polepole kama wanawe nao wapimwe. Nikamwambia ndiyo, wote. Akashukuru. Sijui mtu anawezaje kunishukuru.

Shemeji, kuhusu mke wangu na jiko lako, nakuandikia ninalolikumbuka. Nilikuwa nikimuuliza mbona nguo za fundi haziishi. Akanijibu, fundi ana maneno mengi. Alikuwa akirudi na harufu ya sabuni ya mtoto. Nilikuwa mtu wa kutazama vitu vidogo kuliko vumbi, na hilo sikulitazama.

Mkono umechoka.

Profesa

*

19 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo.

Daktari alishangaa nilipomtajia kumi na nne na ishirini na moja. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia nyuma ya kochi.

Majibu yametoka. Ninayo. Arobaini na tano, imebebwa mgongoni, sawasawa na ulivyoeleza. Siku hizi wanaipanga kwa kompyuta, lakini nilimwomba anionyeshe, nikavua miwani nikasogea. Niliiona. Nilidhani nitaichukia. Ni kitu kidogo sana.

Kipimo cha mtoto kitafanyika wiki mbili zijazo. Mimi na mume wangu tumeshazungumza. Akiwa kama Chifu, tutakuwa na machifu wawili, na viatu vya baba yake havitapumzika. Ninachoogopa ni kumpoteza tu, na kuogopa huko najua sasa ni kwa nini, na si laana ya mtu.

Tulimweleza Chifu. Nilimwambia kwamba kile alichonacho, watu walidhani amepewa na mama, kumbe amepewa na baba. Alifikiri. Unajua baba hajawahi kumletea hata peremende. Kisha uso wake ukafunguka wote. "Kumbe baba alinipa kitu!" Akatoka mbio kwenda kuwatangazia majirani.

Mama hakucheka. Alitazama mlango muda mrefu baada ya Chifu kutoka.

Ameniambia nikuandikie kwamba hajakusamehe. Ameniambia niandike hivyo, nisipunguze. Ameniambia pia kwamba Jumapili tutakuja kwako, kwa sababu amesikia huna mtu wa kukupikia uji, na kwamba mambo hayo mawili nisiyachanganye.

Mimba alishaijua kwenye barua zako, lakini hakuwahi kuitaja; jana nilimwambia kwa kinywa changu. Alikuwa amekaa kiti chake cha dirishani. Akasimama, akaja mpaka nilipokuwa, akafuta viganja vyake kwenye kanga ingawa vilikuwa vikavu. Kisha akaviweka tumboni kwangu, vyote viwili, akaviacha hapo.

Mwanao,
Fundi Miwani